Kipima Joto Si Kumbukumbu: Kwaheri kwa Mzee Anwani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Mzee Anwani atarudisha ufunguo wa chumba namba kumi na nne na kutoka getini baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika kiwanda hiki cha mashine za hospitali. Amewaona wakurugenzi watano. Watatu walistaafu bila kujua anafanya kazi gani. Wa nne alidhani anajua, na huyo ndiye aliyetusumbua zaidi. Wa tano ndiye aliyepo sasa, na nitamgusa kwa heshima zote anazostahili, ambazo hazitachukua nafasi kubwa.

Ofisi ya Utumishi imenipa masharti ya wasifu huu wa jarida la kiwanda: ukurasa mmoja na nusu, maneno matamu, visa viwili vya kuchekesha, "na usizame kwenye ufundi, Mama Vipimo, wasomaji watasinzia." Nilikubali yote. Mimi ni mkuu wa vipimo hapa, nimefanya kazi jengo moja na Mzee kwa miaka kumi na tisa, na mpaka Jumanne wiki hii nilikuwa na nia safi kabisa ya kuandika kitu chepesi. Jumanne nikafungua faili moja, na utamu wote ukaniishia. Jumatatu ijayo linatoka toleo jipya la kitanda chetu cha joto cha watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Haliwezi kutoka bila saini yangu. Sasa ustaafu wa Mzee na saini yangu vimekuwa jambo moja, kwa hiyo nitazama kwenye ufundi, na atakayesinzia ashtuke mwenyewe.

Hebu niwaeleze kazi yake, maana kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyejisumbua kuuliza. Ndani ya kitanda chetu kuna chipu moja inayofikiri na vifaa vinavyoizunguka: kipima joto, waya wa kupasha, feni, king'ora. Kila kifaa kina anwani yake, namba ndefu, na chipu ikitaka kujua joto la mtoto huenda kwenye anwani ile na kubisha hodi. Ila kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya chini kabisa inayozitawala nyingine zote, hakiziachii programu zigonge milango ya vifaa zinavyotaka. Kinazipa anwani za bandia, halafu kina jedwali linaloonyesha kila anwani ya bandia inaelekea mlango upi wa kweli. Jedwali hilo ndiyo ramani. Mzee ndiye anayeliandika, mstari kwa mstari, tarakimu kwa tarakimu. Akikosea mstari mmoja, programu ya kusoma joto itabisha hodi kwa feni, na feni, kwa ustaarabu wake wote, itajibu.

Mwisho wa kila mstari wa jedwali lake kuna neno moja. Ama "kumbukumbu" ama "kifaa". Kumbukumbu ni sehemu ambapo mashine huhifadhi mambo yake yenyewe. Ukiweka saba utakuta saba, kwa hiyo chipu inaruhusiwa kutia nakala mfukoni na kujibu kutoka hapo bila kuhangaika kurudi. Kifaa hakitiwi mfukoni. Joto la sasa hivi si joto la robo saa iliyopita. Kwa hiyo kwenye mstari wa kipima joto lazima paandikwe "kifaa", ili chipu iende yenyewe, ibishe hodi na ingoje jibu, kila mara. Inachelewa kidogo. Kuchelewa huko ndiko kulikoleta ugomvi wote nitakaousimulia.

Lakini kwanza visa vya kuchekesha, nisije nikaambiwa nimevunja masharti.

Mzee alipoajiriwa, barua yake iliandikwa: "Mwandishi wa ramani ya kumbukumbu." Utumishi wa enzi zile wakaona neno "kumbukumbu", wakafurahi kwamba hatimaye wameona neno wanalolijua, wakampeleka Kitengo cha Kumbukumbu, kule kwenye makabati ya majalada na yule mama wa masjala anayefuga paka. Mhandisi mzima, mwenye shahada, akapewa muhuri wa tarehe na sanduku la vibanio. Alikaa huko wiki sita kabla mtu hajagundua kwamba mashine mpya haina ramani. Mwili wake ukahamishwa, jina likabaki. Mpaka leo hii kwenye orodha ya watumishi anasomeka "Mtunza Kumbukumbu Daraja la Pili". Mara nne ameandika kuomba wamrekebishie, na kila barua, kwa kuwa ilitoka kwa mtu wa Kitengo cha Kumbukumbu, ilipelekwa Kitengo cha Kumbukumbu, wakaitunza. Imetunzwa vizuri mno. Nimeiona.

Matokeo yake mnayajua. Mtu akipoteza muhtasari wa kikao cha mwaka juzi, moja kwa moja chumba namba kumi na nne. Na kwa kuwa "ramani" nayo imo kwenye cheo, mwaka ule wa ukaguzi wa zimamoto wakamtaka achore ramani ya kutokea watu moto ukizuka. Mzee akachora. Kila mlango akaupa anwani ya kihandisi, masifuri kibao na herufi katikati, na kantini akaiandika "haifikiki". Ilibandikwa ukutani miaka mitatu. Mkaguzi aliisifu kwa unadhifu.

Na kuna lile la salamu. Sisi wote tunasalimiana namna moja: habari, nzuri. Mtu anaumwa jino, nzuri. Amefiwa, nzuri. Nyumba imeingia maji, nzuri tu. Mzee hakuwahi kulikubali jibu hilo. Ukimjibu "nzuri" alikuwa anasimama, anakutazama juu ya miwani, anauliza, "Hiyo nzuri ni ya leo?" Wageni walidhani ana kiburi. Wengine tulidhani ni mzaha wa wahandisi. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hapendi mizaha, aliniambia kwamba hata nyumbani yuko hivyo hivyo: asubuhi anamuuliza umeamkaje, halafu anangoja. Anasimama pale na mswaki mdomoni anangoja jibu. "Mwaka wa kwanza nilitaka kurudi kwetu," akasema. "Siku hizi akisafiri, naona hakuna aliyeniuliza kitu."

Haya, visa vimeisha. Sasa ya miaka kumi na saba iliyopita.

Wakati ule Mkurugenzi wetu wa leo alikuwa meneja wa bidhaa, na tayari tulimwita Chapchap, jina alilolichukua kama sifa. Vitanda arobaini vya kwanza vya joto vilikuwa vinatakiwa viondoke. Kulikuwa na wageni wakubwa waliotarajiwa kuja kuvitazama, na Chapchap alikuwa na kero moja tu: namba za joto kwenye skrini zilikuwa zinakuja kwa kusitasita, nusu sekunde hivi. Nusu sekunde! Mtoto angelala siku sitini ndani ya kitanda kile, lakini mgeni atakayesimama dakika mbili asikwazike na nusu sekunde. Akamwita mtu mmoja wa programu, akamwambia aondoe kigugumizi. Yule bwana akazunguka weee, mwisho akaona pa kupunguzia. Akaingia kwenye jedwali la Mzee, mstari wa kipima joto, akafuta neno "kifaa" akaandika "kumbukumbu". Neno moja. Skrini ikawa nyepesi kama simu mpya.

Kitanda kikapelekwa chumba cha vipimo. Utaratibu wa kupima ni wa beseni: unatumbukiza kipima joto kwenye maji ya vuguvugu, halafu ya baridi, halafu ya moto, na kila mara unaweka alama kwenye kiboksi. Maji mara tatu, viboksi vitatu. Mpimaji wa zamu akaweka ya vuguvugu, akaona 36.5. Akaiacha saa sita. Karatasi ya mashine ikatoa mstari ulionyooka kama uzi, 36.5 mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa Ijumaa, mstari unapendeza, mpimaji akaona maji ya baridi ya nini tena. Akatia alama viboksi vyote vitatu na kusaini. Beseni halikuguswa mara ya pili.

Chapchap alizunguka na karatasi ile jengo zima. "Imetulia!" akawa anasema kwa kila mtu, mpaka kwa mpika chai. "Oneni ilivyotulia!" Akaibandika kantini, juu ya ubao wa matangazo. Hapo ndipo Mzee alipoiona, akiwa na kikombe mkononi. Akaisogelea. Akakiweka kikombe juu ya meza ya watu. "Kitu kilichotulia hivi," akasema, "ni maiti."

Lori lilikuwa limeshasogezwa, vitanda vimefungwa kwenye maboksi. Mzee akaja na kisu cha mkate cha kantini, akapasua boksi la kwanza. Wafungashaji wakamzuia, akawaambia wamshtaki Jumatatu. Akaagiza beseni na barafu yote ya friji. Halafu akafanya jambo ambalo waliokuwepo hawajalisahau: akakibana kipima joto kwapani, ndani ya shati, akiwa amesimama wima mbele ya watu kumi na tatu, akawasha mashine. Skrini ikasoma 36.5. Akakichomoa kwapani, akakitumbukiza kwenye barafu. 36.5. Tukangoja. Dakika tano, 36.5. Dakika kumi, barafu inaelea, waya umeganda, 36.5, na taa ya kijani inawaka kwa raha zake. Dereva wa lori, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, akasema, "Mashine yenu inaota."

Ndivyo ilivyokuwa. Chipu ilikuwa imebisha hodi mara moja, ikapata jibu, ikatia mfukoni, na tangu hapo ilikuwa inajibu "nzuri". Ndani ya wodi mtoto angepoa mpaka akakauka, au angepikika, na muuguzi angepita, akaona taa ya kijani, akaenda kwa mwingine. Chapchap akaanza kusema kwamba hilo ni tatizo dogo la kiufundi, litarekebishwa huko huko vinakokwenda. Mzee hakupandisha sauti. "Mimi Utumishi waliniandika kumbukumbu, na nipo hai," akamwambia. "Hiki mkikiandika kumbukumbu, mtoto hatakuwa hai." Akakaa juu ya boksi lililopasuliwa. Alikaa hapo mpaka lori likaondoka tupu.

Tuzo yake aliipata haraka. Alihamishwa kutoka chumba cha wahandisi chenye madirisha hadi namba kumi na nne, baina ya stoo na choo cha wageni, kwa sababu "ana tabia ya kuvuruga ratiba". Chapchap alipanda cheo mwaka uliofuata kwa kusimamia "uboreshaji wa usalama wa kitanda". Sitii chumvi, yamo kwenye jarida hili hili, toleo la mwaka ule, na picha yake akiwa ameshika beseni.

Kuhusu mafanikio, kwa kuwa wasifu lazima uwe nayo: Mzee ameandika majedwali ya aina ishirini na mbili za mashine, mengi akiwa peke yake. Kwa miaka kumi na saba hakuna kitanda chetu hata kimoja kilichomdanganya muuguzi kuhusu joto la mtoto. Mafanikio ya namna hii hayana picha, maana hakuna kilichotokea. Huwezi kualika wageni waje watazame watoto wasiokufa. Lakini nitawaambia lile ninaloliona kubwa kuliko yote. Baada ya siku ile aliandika maelezo juu ya mstari wa kipima joto, mistari kumi na mmoja, ndani ya faili lenyewe la jedwali, mahali ambapo yeyote atakayetaka kubadili neno lazima ayasome kwanza. Yalieleza yote: beseni, barafu, dakika kumi. Yaliisha hivi: "Hii si kumbukumbu. Ni kifaa. Kiulizwe kila mara."

Jumanne, nikiwa nimeketi kuandika wasifu huu, nilitaka kuyanukuu maneno hayo. Nayajua kwa moyo. Ningeweza kuyaandika tu kutoka kichwani na kwenda zangu kunywa chai. Lakini nimekaa na yule mzee miaka kumi na tisa, jamani, kuna vitu vinaambukiza. Nikasema ngoja nikayatazame yenyewe. Nikafungua faili la toleo jipya, lile la Jumatatu.

Hayapo. Mistari yote kumi na mmoja imefutwa, na aliyefuta ameandika sababu: "Kusafisha makelele ya zamani." Na chini yake, kwenye mstari wa kipima joto, mwishoni, neno lililopo ni "kumbukumbu". Nikasogeza kiti, nikasoma tena. Nikauliza agizo limetoka kwa nani. Mnajua limetoka kwa nani. Skrini mpya ni kubwa, ya rangi, na wageni wanakuja.

Nikapandwa na hasira, na hasira yangu ya kwanza, nitasema kweli, ilikuwa kwa Mzee. Yeye si ndiye mwenye jedwali? Ameona siku zake zimebaki chache akaamua kujikalia? Nikaenda masjala kutafuta kama kuna lolote ameandika. Yule mama wa paka hakuuliza hata swali, akanipa jalada. Barua tatu. Ya kwanza ya miezi mitano iliyopita, ya pili ya miezi mitatu, ya tatu ya mwezi jana, zote kwa Mkurugenzi, zote zikisema jambo moja kwa maneno machache zaidi kila mara. Ya mwisho ina sentensi moja: "Kipima joto kimeandikwa kumbukumbu tena." Zimegongwa muhuri, zimepewa namba na kutobolewa matundu mawili kwa ustadi. Zimetoka kwa Mtunza Kumbukumbu Daraja la Pili, kwa hiyo zimetunzwa.

Kisha nikakumbuka Ijumaa iliyopita. Nilipishana naye kwenye korido, nimebeba mafaili, nina haraka zangu. Akaniambia, "Mama Vipimo, habari za toleo jipya?" Nikamjibu nzuri. Akasimama. "Hiyo nzuri ni ya leo?" Nikacheka, nikampita. Mtu ameandika barua tatu hazijibiwi, amekuja kunibishia hodi mimi mwenyewe mkuu wa vipimo, nami nimemjibu kutoka mfukoni.

Alhamisi asubuhi nikaenda chumba cha vipimo, nikajifungia na toleo jipya. Nikachukua beseni la bluu, nikapora barafu ya kantini. Kipima joto nikakibana kwapani, kama alivyofanya yeye, nikawasha, nikakitumbukiza. Skrini ni nzuri kweli, sikatai. Rangi saba, namba kubwa kama sahani. 36.5. Dakika kumi baadaye, 36.5. Imetulia.

Nimeombwa nisaini Ijumaa kabla ya saa sita mchana, ili Mkurugenzi aweze kutangaza habari njema kwenye hotuba ya kumuaga Mzee. Hotuba nimeiona, imepitishwa kwangu nisahihishe tahajia. Inamshukuru Mzee "kwa kutuchorea ramani na kututunzia kumbukumbu". Ngao imeshachongwa: "Mtunza Kumbukumbu Hodari". Yaani wameshindwa kujua mtu anafanya nini kwa miaka thelathini na moja, na bado wakapata nguvu ya kuchonga.

Kwa kuwa tunazungumzia kutunza kumbukumbu, kuna moja naomba itunzwe vizuri. Yule mpimaji wa miaka kumi na saba iliyopita, aliyetia alama viboksi vitatu kwa maji ya mara moja, ni mimi. Nilikuwa na miaka miwili kazini. Nilisimama pale kwenye maboksi, mtu wa kumi na tatu, nikitazama barafu na saini yangu, nikingoja atajwe aliyepima. Mzee alijua. Karatasi ilikuwa mkononi mwake. Kwenye ripoti, mahali palipoandikwa "Aliyehusika", aliandika "Jedwali". Akaenda namba kumi na nne kukaa karibu na choo, nami nikabaki, nikapanda vyeo, mpaka nikawa mkuu wa vipimo, mwenye ulimi wa kuwacheka wakurugenzi. Hakuwahi kunikumbusha hata mara moja. Alikuwa ananiuliza tu habari, kila asubuhi, na kungoja. Sasa nimeelewa alikuwa anangoja nini, na ninaona aibu.

Basi nimejibu. Toleo jipya sijalisaini na silisaini. Kiboksi cha kwanza nimekiwekea alama, cha pili nimeandika: "Barafu, dakika kumi, 36.5. Haifai." Picha za beseni zimebandikwa kantini, juu ya ubao wa matangazo, mahali pale pale. Nakala ya karatasi ya kipimo nimeipeleka kwa wauguzi wakuu wa hospitali zilizoagiza vitanda, kwa mkono wangu, si kwa masjala. Mistari kumi na mmoja nimeirudisha juu ya mstari wake, na neno "kifaa" mwishoni. Mhariri wa jarida hili, ambaye mwanawe wa pili alizaliwa na miezi saba na akalala kwenye kitanda chetu siku arobaini na moja, ameusoma wasifu huu wote na hakukata neno. Atakayetaka kunihamisha, namba kumi na nne inakuwa wazi Ijumaa saa kumi. Nitahitaji feni tu.

Mzee, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya watoto ambao sasa wanakaribia kuota ndevu bila kujua jina lako wala mahali unapokaa, asante. Ngao wakikupa ipokee, nyuma ni mbao nzuri, mama mwalimu atapata pa kukatia vitunguu. Nenda ukapumzike na umri ukuongezekee, usisikie tena mlio wa kile choo. Mimi nitakuja Jumapili, nitabisha hodi, nitakuuliza habari na nitangoja jibu. Nawe uniulize yangu. Si nzuri, Mzee. Lakini ni ya leo.